Mbona gizani nahisi napaa na mita ya kasi inasema natambaa?

#1 Mtoto wa Nyamasaria

Habari zenu wadau wa pedeli. Nina swali ambalo mke wangu amekataa kulisikia tena, kwa hiyo nalileta hapa.

Klabu yetu ya baiskeli ya Kisumu hutoka Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili kamili jioni, kwa sababu wengi wetu ni watu wa kazi. Tunashika barabara ya Ahero, tunageuka, tunarudi. Kwangu mimi kwenda na kurudi ni kilomita 42. Tukienda jua liko mgongoni. Tukirudi, kuanzia Rabuor hivi, ni giza totoro na kila mtu anafuata taa yake.

Sasa kipande cha kurudi peke yake, nikikipiga Jumapili asubuhi natumia dakika 43. Jumanne usiku, dakika 50. Hiyo si mara moja, nimeandika wiki sita kwenye daftari la mtoto.

Lakini wazee, usiku huo huo wa dakika 50 naapa nahisi napaa! Lami inanipita chini kama maji ya mto Nyando yakifurika. Masikio yanavuma. Nikifika nyumbani najua leo nimevunja rekodi, natazama mita, nakuta aibu. Jumapili ni kinyume, naona nimetembea tu, kumbe nimekimbia.

Nani anaongopa, mimi au mita?

#2 Cheni Kavu

Wewe. Ndio jibu. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu wa Fizikia

Cheni Kavu acha mtu aulize.

Mtoto wa Nyamasaria, mita haina makosa. Ni macho. Mchana ukiwa kwenye uwanda wa Kano unatazama wapi? Mbali. Unatazama milima ya Nandi kushoto, mawingu, lori lililo nusu kilomita mbele. Vitu vya mbali havisogei, au vinasogea polepole sana. Usiku dunia yako yote ni kipande cha lami mita nane au kumi mbele ya gurudumu, ndani ya mwanga wa taa. Hicho kipande kinapita mbio, kokoto kwa kokoto, ufa kwa ufa. Ubongo unahesabu kasi kwa kile kinachopita karibu.

Jaribu Jumapili hii, mchana kweupe, barabara ikiwa tupu. Tazama chini karibu na gurudumu la mbele kwa sekunde tatu tu, kisha inua macho. Utahisi umepunguza kasi ghafla na hujagusa breki.

Sekunde TATU. Sitaki kuja kukuombea michango.

#4 Upepo wa Ziwa

Mwalimu ameeleza kwa nini anahisi. Hajaeleza dakika saba zimeenda wapi.

Ni upepo, ndugu zangu. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa juu ya ardhi inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza. Kuanzia adhuhuri mpaka jioni unapuliza kuelekea Ahero. Jumanne unatoka saa kumi na mbili, unasukumwa mgongoni kwenda. Ukigeuka unaula uso mzima. Alfajiri ni kinyume: ardhi imepoa usiku kucha, ziwa bado lina joto, kwa hiyo upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jumapili asubuhi ukirudi mjini unasukumwa bila kujua.

Na upepo wa uso ndio unaovuma masikioni ukadhani unapaa. Kwa hiyo jibu ni moja kwa maswali yote mawili. Asanteni, naenda kula.

#5 Ja-Ahero

@Upepo wa Ziwa umesema vizuri ila umeipanga kwa kitabu. Mimi nimezaliwa huku kwenye mpunga. Saa moja jioni upepo wa ziwa unakuwa umekufa. Ukitaka ushahidi tazama moshi wa jikoni: saa kumi na moja unalala kuelekea Awasi, mbele ya Ahero, saa moja na robo unasimama wima kama mlingoti. Upepo wa nchi kavu hauji mpaka usiku uingie sana. Hawa watu wa klabu wanarudi katikati ya zile pepo mbili, hakuna wa kuwasukuma wala wa kuwazuia.

Isipokuwa siku ya mvua. Ikipasuka radi upande wa Nandi, upepo wa mvua unashuka bila kuuliza saa.

#6 Upepo wa Ziwa

Moshi wa jikoni ya nani? Kwetu Dunga unalala mpaka saa mbili.

#7 Ja-Ahero

Dunga iko ziwani omera. Swali ni la Rabuor.

#8 Dainamo 6V

Watoto, shikamooni mnaodaiwa, marahaba mnaostahili.

Mimi nilipanda baiskeli ya Black Mamba miaka kumi na minane kabla hamjajua kuna klabu. Taa yangu ilikuwa ya dainamo, chupa ile inayobanwa kwenye tairi la mbele, volti 6, wati 3. Mnakumbuka sauti yake? Vuuuuu. Ukikanyaga, inalia juu na taa inakuwa nyeupe. Ukichoka, inalia chini na taa inakuwa njano kama yai la kienyeji. Ukisimama, giza.

Sasa fikirini. Taa ile ilikuwa ndiyo mita. Ukipunguza kasi uliona kwa macho, kwa sababu barabara yenyewe ilipotea. Nikipanda kilima cha Riat na mzigo, mwanga ulikuwa unanisuta. Hizi taa zenu za kuchaji ni nyeupe ile ile uwe unakimbia au umesimama unakojoa. Mtu atajuaje kasi yake? Hakuna kinachomwambia.

Mtoto wa Nyamasaria tafuta dainamo, swali lako litakwisha.

#9 Cheni Kavu

Mzee dainamo yenyewe inakula nguvu, dakika 50 zitakuwa 55 🤣

#10 Dainamo 6V

Itakula. Lakini atazijua.

#11 NakuruJuu

Salamu kutoka Nakuru. Nyinyi wa Kisumu mnalalamika giza, njooni Julai mpande Njoro saa moja usiku muone baridi. Sisi tuko mita 1,850 hivi, nyinyi 1,130. Mikono inakufa ganzi hata breki unaivuta kwa imani.

Jibu langu: usiku hewa ni nyepesi kwa sababu jua halipo, kwa hiyo baiskeli inateleza vizuri, ndio maana unahisi unapaa. Mita yako iangalie betri.

#12 Mwalimu wa Fizikia

NakuruJuu, umegeuza. Hewa ikipoa inakuwa nzito. Tuseme Kisumu saa tisa mchana ni nyuzi 30 na saa moja usiku ni 22. Hewa ile imeongezeka uzito kama asilimia 2.7. Ni kidogo, lakini kwa mtu anayepasua upepo mwenyewe ni ya kumchelewesha, si ya kumharakisha. Hewa nyepesi unayo wewe huko juu, mchana na usiku.

#13 NakuruJuu

Sawa mwalimu, nimekubali. Lakini mbona jioni miguu huwa myepesi kuliko asubuhi? Hilo sijalitunga.

#14 Mwalimu wa Fizikia

Hilo ni kweli. Joto la mwili hufika juu alasiri kuelekea jioni, na misuli hufanya kazi vizuri zaidi wakati huo kuliko alfajiri. Kwa hesabu hiyo alipaswa kuwa na kasi ZAIDI Jumanne. Kwa hiyo umeongeza fumbo badala ya kulipunguza.

#15 Mama Helmeti

Mnazungumza hewa na misuli. Nitawaambia dakika saba ziko wapi: ziko kwa WOGA, na woga una sababu zake.

Mwezi wa nne nilikuwa na kikundi, si hiki cha Mtoto wa Nyamasaria, kingine. Tulikuwa kumi na mmoja. Tunarudi, karibu na Rabuor, tairi langu la nyuma likapiga tssss. Nikapaza sauti. Nikasikia "sawa sawa!" mbele, nikajua wamesikia. Kumbe huyo aliyejibu alidhani nasema shimo. Zile taa nyekundu kumi nikaziona zinapungua, zikawa nne, zikawa moja, zikaisha.

Sijui kama mmewahi kusimama kando ya barabara ile bila mtu. Unasikia chura tu. Kila gari linalokuja linakumulika uso, halafu likipita huoni hata mkono wako. Nikasukuma baiskeli mpaka kwa mama mmoja anayekaanga samaki chini ya mwembe, ana koroboi mezani. Akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, wenzako wako wapi?" Sikuwa na la kusema. Akaniwekea koroboi juu ya debe, akanishikia gurudumu kwa mikono yenye mafuta, nikatoa tyubu, nikasugua, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Kikashika mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza vidole vyake vya mafuta vilikuwa vimepita pale pale. Tulicheka. Alikataa pesa, nikanunua mbuta wawili.

Wenzangu walihesabiana Nyamasaria, mlangoni mwa mji. NYAMASARIA! Mmoja akasema, "Nilidhani amekata kona kwake." Mimi sikai upande huo.

Tangu siku hiyo gizani siendi zaidi ya kasi ninayoweza kusimama ndani ya mwanga wangu. Nikiona mita kumi, natembea mwendo wa mita kumi. Mita ikisema natambaa, natambaa.

#16 Spoku 36

Mama Helmeti mimi nilikuwa kwenye kikundi hicho. Nilikuwa wa tano kutoka mbele. Sijawahi kukuomba msamaha sawasawa, naomba hapa mbele ya watu.

#17 Mama Helmeti

Nimekusamehe siku nyingi. Ila bado unanidai viraka viwili, au niseme nakudai mimi.

#18 Mtoto wa Nyamasaria

Pole sana mama. Sisi tunahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka wa mwisho, kila tukipita daraja. Namba ikikosekana wote wanasimama. Na wa mwisho ni mtu mmoja aliyepangwa, haruhusiwi kumpita mtu yeyote hata akiwa na haraka ya kwenda chooni.

Lakini suala la woga nalikataa kidogo. Mimi siogopi. Nahisi raha.

#19 Ja-Ahero

Hujakutana na trekta bado.

#20 Fundi Keria

Ja-Ahero amegusa penyewe. Mimi napanda upande wa Kibos kwenda Miwani. Msimu wa miwa unakuta trekta na trela mbili, zimejaa mpaka miwa inaburuta pembeni, na nyuma hakuna taa HATA MOJA. Hakuna rifleketa. Unachoona ni kiza kizito zaidi ya kiza kingine. Mara ya kwanza niliijua kwa harufu, nakwambia, harufu ya sukari iliyoungua, nikabana breki zote mbili, nikasimama mua mmoja ukiwa umegusa usukani.

Na ukisikia mtu anasema gizani anakimbia, mwangalieni baiskeli kwanza. Nimefungua gurudumu la mtu wa klabu wiki iliyopita, breki ya nyuma inasugua rimu upande mmoja. Anakanyaga mara mbili, anaenda nusu. Inalia kwa nguvu anadhani ni kasi.

#21 Mtoto wa Nyamasaria

Fundi, breki hiyo hiyo iko Jumapili pia.

#22 Fundi Keria

Ilete niione. Sitakuitisha pesa.

#23 Baridi ya Leeds

Hamjambo. Mimi ni wa Kakamega, niko Uingereza mwaka wa saba sasa, na napanda na klabu ya hapa. Nikisoma mnaita saa moja usiku giza nacheka na kulia.

Huku mwisho wa Oktoba wanarudisha saa nyuma, na kuanzia hapo jioni zote ni usiku. Desemba hata London kule kusini jua linazama saa kumi kasoro dakika saba, yaani watoto ndio kwanza wametoka shule. Klabu inatoka saa moja na nusu jioni, nyuzi mbili au tatu, mvua ile isiyonyesha wala kuacha. Sheria iko wazi: taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, rifleketa nyekundu nyuma, na za rangi ya chungwa kwenye pedeli. Halafu kuna sheria za klabu ambazo hazijaandikwa. Bila madigadi hupandi na watu, na madigadi ya nyuma lazima iwe na kipande kirefu kinachoning'inia, la sivyo mwenzako wa nyuma anakunywa matope kwa muda wa saa mbili. Na taa ya nyuma ya kupepesa hairuhusiwi ukiwa kwenye kikundi, inamtia kizunguzungu anayekufuata.

Sasa kwa swali: ninahisi hivyo hivyo! Lakini si kila mahali. Nahisi kwenye vichochoro vya mashambani ambako pande zote mbili kuna ua wa miti na ukuta wa mawe. Nikitoka kwenye barabara pana yenye taa za stima, hisia inakufa, na kasi ni ile ile.

#24 Mwalimu wa Fizikia

Hiyo inaunga mkono hoja ya vitu vya karibu.

#25 Upepo wa Ziwa

Haiungi kabisa! Kano kuna ua wapi? Kano ni sahani. Ukiondoa Rabuor na vibanda viwili vitatu hakuna kitu pembeni cha kukupita. Kwa hoja yako, mwalimu, Mtoto wa Nyamasaria alipaswa asihisi chochote.

#26 Mwalimu wa Fizikia

Lami yenyewe iko karibu. Nilisema lami, sikusema ua.

#27 Upepo wa Ziwa

Na mchana lami huhama?

#28 Kioo cha Pembeni

Naingilia. Mimi ni dereva wa matatu, napanda baiskeli siku za mapumziko. Kuna jambo linafundishwa madereva: kwenye ukungu mtu huona anaenda pole kuliko kasi yake ya kweli, akaongeza mafuta bila kujua. Sasa ukungu na giza vyote vinaficha vitu. Mbona kimoja kikupunguzie hisia na kingine kikuongezee?

#29 Mwalimu wa Fizikia

Swali zuri, na hilo la ukungu lenyewe linabishaniwa. Majaribio mengine yalipata hivyo, mengine yakapata kinyume, kwa sababu ukungu wa kweli huficha vya mbali na kuacha vya karibu, sio kufifisha vyote sawa. Taa ya baiskeli nayo inaacha vya karibu tu. Kwa hiyo sioni mgongano.

#30 Kioo cha Pembeni

Sawa. Na nikiwa hapa niseme: nyinyi wa fulana za kumetameta, kifua chako sikioni mapema kama miguu. Rifleketa ikiwa kwenye kifundo cha mguu inapanda na kushuka, nikiwa mbali sana najua huyu ni binadamu anakanyaga. Ikiwa kifuani inaweza kuwa kibao cha barabarani, inaweza kuwa chochote. Fungeni miguuni.

#31 Mama Helmeti

Hili ndilo la maana kuliko yote yaliyoandikwa hapa.

#32 Spoku 36

Nimeenda kununua leo. Shilingi mia na hamsini jozi, pale kwa wauza vifaa vya boda.

#33 Cheni Kavu

Mkimaliza hayo nisaidieni langu. Mwezi wa pili tukitoka saa kumi na mbili tunafika Ahero bado kweupe. Novemba tukitoka saa ile ile, giza linatukuta njiani. Na tunaambiwa ikweta mchana na usiku ni sawa mwaka mzima. Mimi nasema ni mawingu ya vuli.

#34 NakuruJuu

Ni majira ya baridi ya dunia. Hata sisi yanatugusa kidogo.

#35 Mwalimu wa Fizikia

Hapana kwa wote wawili. Urefu wa mchana Kisumu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, lakini mchana wote unateleza mbele na nyuma dhidi ya saa ya mkononi. Jua halifiki katikati ya anga saa ile ile kila siku, kwa sababu dunia inazunguka jua kwa njia isiyo duara kamili na imeinama nyuzi 23 na nusu. Mapema Novemba jua la Kisumu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Katikati ya Februari linakaribia saa moja kamili. Karibu nusu saa.

Ukitaka kuhakikisha tazama asubuhi pia. Novemba kunakucha mapema. Mawingu hayawezi kuleta jua mapema.

#36 Pwani Raha

Hata Mombasa ni hivyo, ila sisi linatuzamia mapema kuwashinda, kama dakika 20. Nilipohamia Kisumu nilidhani saa yangu imeharibika.

#37 Mwalimu wa Fizikia

Nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Mombasa na Kisumu zimeachana karibu nyuzi 5, na saa ya nchi ni moja. Hesabu imetimia.

#38 Baridi ya Leeds

Na huko likizama limezama. Dakika ishirini na kitu, usiku. Huku giza linakuja kama mgeni wa kijijini, linasimama mlangoni kwanza, linaaga mara tatu.

#39 Cheni Kavu

Kwa hiyo mawingu hayana hatia. Sawa. Mimi bado nayachukia.

#40 Mtoto wa Ahero Road

Macho yenu hayaoni usiku kwa sababu hamli karoti. Babangu alikula karoti, aliona nyoka usiku wa manane.

#41 Mama Helmeti

Mwanangu, vitamini A ikikosekana ndiyo unapata upofu wa usiku, hiyo ni kweli. Lakini kama unayo ya kutosha, kuongeza karoti hakukupi macho ya paka. Hadithi ile ilitiwa chumvi na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuficha kwamba ndege zao zilikuwa na rada. Kula viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa, vinalimwa hapa hapa magharibi, na unyamaze.

Kinachoua macho yako usiku ni simu. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza kabisa. Ukitazama simu mara moja kuona nani amekupigia, umerudi mwanzo.

#42 Fundi Keria

Na boda wenye taa zile nyeupe za kuongezea! Unakaribia, anakumulika, unabaki kipofu mpaka amefika Awasi.

#43 Bob wa Kondele

Msituseme. Sisi tulitoka kwenye baiskeli kama nyinyi. Neno lenyewe boda ni la baiskeli, kule Malaba, kuvusha watu mpakani kwenda Uganda.

#44 Mluhya wa Kweli

Busia! Siyo Malaba. Busia miaka ya sitini.

#45 Bob wa Kondele

Malaba.

#46 Dainamo 6V

Mpaka ni mmoja, acheni. Mimi nilibeba abiria Kisumu, kiti cha sponji na kitambaa cha maua, mpaka serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo 2008. Mwaka uliofuata nilikuwa nabeba mikate. Abiria walikuwa wanasema nini usiku? "Mzee punguza, unakimbia sana." Na nilikuwa nimembeba mama wa kilo tisini, siwezi kukimbia hata nikitaka. Kwa hiyo hata anayekaa nyuma, hakanyagi, hatazami mwanga, anaona mgongo wangu tu, naye alihisi kasi. Mwalimu, hiyo utaiweka wapi?

#47 Mwalimu wa Fizikia

Mzee hapo umenipata. Labda kutikisika. Labda sauti: usiku kelele za mji zimekufa, tairi na cheni zinasikika peke yake. Sina hakika.

#48 Upepo wa Ziwa

Au upepo 😌

#49 Mama Helmeti

Au woga. Yeye hakushika breki, wewe ndiye uliyeshika. Mtu asiyeshika breki huona kila kitu ni mbio.

#50 Mtoto wa Nyamasaria

Wadau nimerudi na jaribio. Alhamisi nilifunika mita kwa plasta. Spoku 36 alikuwa karibu yangu na mita yake wazi. Kila tukipita daraja nilikisia kasi yangu kwa sauti, yeye anaweka rohoni, mwisho tunalinganisha.

Kwenda, kweupe: nilikisia 26, 27, 25. Ukweli 29, 28, 28.
Kurudi, giza: nilikisia 32. Ukweli 24.

Makisio ni moja tu kwa sababu baada ya hapo tuliingia kwenye wingu la wadudu wa ziwa. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, na siku hizo wanatoka kwa wingi. Walikuja kwenye taa kama mchele unaomwagwa. Masikioni, puani, nilimeza wa kutosha chakula cha jioni. Tukazima taa za mbele tukasukuma kwa miguu mita mia mbili hivi.

#51 Ja-Ahero

Ulikuwa unasukuma na bado uko dakika 50?

#52 Mtoto wa Nyamasaria

Dakika 71.

#53 Cheni Kavu

Lakini ulihisi unapaa.

#54 Mtoto wa Nyamasaria

Nikisukuma? Hapana. Ila kabla ya wadudu, naapa, ndiyo.

#55 Mwalimu wa Fizikia

Umekisia 32 ukiwa 24 gizani, na 26 ukiwa 29 mchana. Kisio moja la usiku halitoshi. Rudia ukiwa na matano, halafu kimoja ufanye taa ikiwa imeelekezwa mbali zaidi. Kama niko sahihi kisio litashuka.

#56 Upepo wa Ziwa

Na mtu abebe kitambaa chepesi akishike juu kila daraja tuone kinalala wapi. Nitakuja mwenyewe.

#57 Dainamo 6V

Nimepata dainamo kwa fundi wa Kibuye, inalia bado. Nitakufungia bure Jumatatu, lete tairi lisilo la upara.

#58 Fundi Keria

Na ile breki mzee, usiisahau.

#59 Mama Helmeti

Jumanne nakuja pia. Nitakuwa wa mwisho, na nitahesabu mimi. Tupite kwa yule mama wa samaki, nina deni la debe lake, nilimwagia gundi.